Shajara ya injini ya baba: konrodi za 133 na mizani ya sonara

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeishusha injini. Pikapu ni Datsun 620 ya marehemu baba, ile aliyokuwa akibebea samaki kutoka hapa Malindi hadi Kilifi, na msimu ukiwa mzuri hadi Mariakani. Injini si ile iliyokuja na gari. Baba alitia L18, injini ya Datsun ya silinda nne, aliyoitoa kwenye gari la Datsun 180B lililogongwa, na imefanya kazi tangu mimi niko darasa la nne. Pistoni upana milimita 85, stroki (mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini) milimita 78, jumla sentimita za ujazo 1,770.

Kisa cha kuishusha ni mtetemo. Ukifika kilomita 80 kwa saa, kioo cha nyuma hakionyeshi kitu ila ukungu, kidroo cha dashibodi kinafunguka chenyewe, na bomba la moshi limechomelewa mara tatu mahali pamoja. Mauntingi za injini na ya giaboksi nimezikagua, mpira bado una uhai. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nayo ilipimwa mwezi uliopita, imenyooka. Isitoshe, mtetemo upo hata gari likiwa limesimama, gia huru, ukikanyaga mafuta hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Basi magurudumu na propela hawana kesi. Jambo liko ndani ya injini.

Naiandika kazi hii siku kwa siku kwa sababu mafundi wenzangu wamekuwa wakiniuliza habari za konrodi ndefu, kama kweli zinatuliza injini ya silinda nne, na kama ukizitia inabidi krenki ifanyiwe balansi upya, yaani isawazishwe uzito. Konrodi ni ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki, na krenki ni mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Nina seti ya konrodi za L16, injini nyingine ya ukoo huo huo wa Datsun, rafuni. Nitajibu kwa vipimo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nimetoa pistoni na konrodi zote nne, nikazipanga juu ya gunia kwa namba zake.

Ya tatu ilinikamata jicho kabla sijagusa mizani. Zile tatu zina mhuri wa namna moja ubavuni. Hii ina mhuri mwingine, na bonge la chuma chini ya kifuniko chake ni nene zaidi. Kuna fundi aliyewahi kubadilisha konrodi moja tu, pengine baada ya beringi kukwama, akatia aliyoipata. Kwa kubadilisha simlaumu, maana gari lilikuwa linatakiwa alfajiri ufukoni. Lakini angeipima.

Nimezipima juujuu kwa mizani ya unga ya mama watoto. Zile tatu za mhuri mmoja: gramu 612, 615, 613. Ile ya mhuri mwingine: 651.

Gramu 38 mkononi huwezi kuzihisi. Lakini kama gramu 30 katika hizo ziko kwenye kichwa kikubwa cha konrodi, kile kinachoshika krenki, basi zinazunguka pamoja nayo kwa umbali wa milimita 39 kutoka katikati ya mhimili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, gramu 30 hizo zinaivuta krenki kwa nguvu ya takriban kilo 12, zikigeuka nayo pande zote, mara 50 kila sekunde. Na nguvu hiyo haipandi kwa kulingana na kasi. Ukizidisha mizunguko mara mbili, nguvu inakuwa mara nne.

Beringi ya meini, ile inayoishika krenki kwenye bloku, iliyo jirani na silinda ya tatu imelika upande mmoja hadi shaba inaonekana. Imekuwa ikibeba mzigo huo miaka yote.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua ya vuli tangu usiku. Stima hakuna. Nimepaka krenki oili na kuifunga kwa gunia; hapa karibu na bahari chuma kilichosafishwa kikilala usiku mmoja bila mafuta kinaamka na vidoa vya kutu.

Jumamosi, 8 Novemba

Ami amepita gerejini baada ya sala ya alasiri. Yeye ndiye aliyekuwa akipokezana usukani na baba, na gari hili analijua kuliko mimi. Nikamwamkia, akaketi juu ya ringi la gurudumu, akaziangalia konrodi zile.

"Mwanangu, tia zile za L16," akasema. "Ni ndefu. Konrodi ndefu haitetemi. Gari za Safari zilikuwa nazo, na zilikwenda kama maji kwenye mfereji."

Ami hasemi ovyo. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, na injini ya 240Z, yaani L24, ina konrodi za milimita 133, urefu ule ule wa L16. Za L18 yetu ni milimita 130.35. Kwa hiyo ni kweli gari ile ilikuwa na konrodi ndefu kuliko zetu, na ni kweli ilikuwa laini.

Ila L24 ni silinda sita kwa mstari. Mikono ya krenki yake imepishana kwa nyuzi 120, na kwa mpangilio huo nguvu za pistoni zinazopanda na zinazoshuka zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, zile kubwa na zile ndogo zinazokuja mara mbili kwa kila mzunguko. Ulaini wa 240Z umetoka kwenye idadi na mpangilio. Chukua konrodi zile zile, zitie kwenye silinda nne, uone.

Nikamwambia, "Ami, nitazitia. Lakini nataka nijue zinanipa kiasi gani, na kiasi gani kinatoka kwingine."

Akanitazama kitambo. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Akinunua kamba, anaipima kwanza."

Jumapili, 9 Novemba

Leo nataka niandike kwa kirefu, kwa sababu ndipo mambo yote yanapokaa.

Nimeirudisha krenki kwenye bloku kwa muda, na konrodi zake za zamani na pistoni zake, bila ringi ili izunguke kwa mkono. Silinda hedi haipo. Nikamwita mwanagenzi wangu asimame juu ya bloku aangalie.

Pistoni ya kwanza na ya nne zikiwa juu kabisa, ya pili na ya tatu ziko chini kabisa. Stroki ni milimita 78, kwa hiyo ukichukua wastani wa zote nne, zimekaa milimita 39 kutoka juu. Katikati barabara.

"Sasa zungusha robo mzunguko," nikamwambia. Akazungusha. Pistoni zote nne zikaja usawa mmoja, mstari mmoja, kama vikombe juu ya sinia.

"Ziko wapi?"

"Katikati, fundi."

"Pima."

Akashusha venia ya kina, kile kifaa cha kupimia kwenda chini, kwenye silinda ya kwanza, akaanza kuhesabu kutoka pale pistoni ilipokuwa imefika juu. Akapima tena. Akapima ya pili, ya tatu, ya nne. Milimita 45. Zote nne. Akaniangalia kana kwamba venia imeharibika.

Haikuharibika. Mtu akisimama wima ana kimo chake chote. Akiegemea ukuta kimo kinapungua. Konrodi ni hivyo hivyo. Krenki ikiwa robo mzunguko, konrodi imeegemea upande kwa nyuzi 17 na kitu, kimo chake kimepungua, na kwa hiyo imeivuta pistoni chini milimita 6 zaidi ya nusu ya njia. Zile mbili zilizokuwa zinashuka zimeshuka kupita kati. Zile mbili zilizokuwa zinapanda hazijafika kati. Hakuna hata moja inayomfidia mwenzake.

Basi uzito wote wa pistoni nne, ukiutazama kama mzigo mmoja, unashuka milimita 6 na kupanda milimita 6, mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki. Kwa mizunguko 3,000, ni mara 100 kwa sekunde. Huo ndio mvumo unaousikia sakafuni mwa kila gari la silinda nne. Pande za krenki, yale mabonge ya chuma ya kuisawazisha, haziwezi kuuzuia, kwa sababu krenki inazunguka mara moja na mvumo unakuja mara mbili. Mwingereza Frederick Lanchester aliutafutia dawa mwanzoni mwa karne ya 20: mihimili miwili yenye uzito upande mmoja, inayozunguka kinyume cha mwenzake kwa kasi maradufu ya krenki. Injini ya 4D56 ya Mitsubishi, iliyojaa kwenye L200 na Pajero, inayo mihimili hiyo. Mafundi wengi huutoa mkanda wake kwa hofu kwamba ukikatika utaukata na ule wa taimingi. Hofu yao naielewa, ila gari linarudi likivuma, na mwenye gari anafikiri amebadilishiwa injini.

Sasa konrodi ndefu inafanya nini? Inaegemea kidogo zaidi, kwa hiyo kimo chake kinapungua kidogo zaidi. Nimepiga hesabu kwa ile ya milimita 133: robo mzunguko pistoni itakuwa imeshuka milimita 44.85, badala ya 44.97. Tofauti ni milimita 0.12. Unene wa kipande cha karatasi.

Mwanagenzi ameizungusha krenki ile labda mara hamsini, akizitazama pistoni zikija mstari mmoja. Sikumkataza.

Jumatano, 12 Novemba

Hesabu ya nguvu nimeiandika kwa chaki ukutani, nyuma ya mlango. Kwa silinda nne kwa mstari, nguvu ya huo mvumo ni: uzito wa kupanda na kushuka wa pistoni zote nne, mara urefu wa mkono wa krenki (nusu ya stroki, milimita 39), mara mraba wa kasi, mara mkono wa krenki ugawanywe kwa urefu wa konrodi.

Uzito wa kupanda na kushuka kwa silinda moja, vitu vya zamani: pistoni gramu 364, pini inayoishikiza pistoni kwenye konrodi 118, ringi 38, na kichwa kidogo cha konrodi 170. Jumla 690. Kwa mizunguko 3,000, nguvu inatoka kama kilo 324. Gari limebeba hiyo miaka yote, na mauntingi nzuri zinaimeza kwa sehemu kubwa.

Nikibadilisha urefu wa konrodi peke yake, kutoka 130.35 hadi 133, nguvu inapungua kwa sehemu 2 tu katika 100. Kilo 6 hivi.

Lakini konrodi ikiongezeka urefu, lazima pistoni iwe fupi, la sivyo itagonga hedi. Kimo cha bloku kutoka katikati ya krenki hadi usoni ni milimita 207.85. Za zamani: nusu ya stroki 39, konrodi 130.35, na kutoka shimo la pini hadi utosi wa pistoni 38.1, jumla 207.45. Za sasa: 39, na 133, na pistoni ambazo kaka yangu aliye Dubai alinitafutia, zenye 35.4. Jumla 207.4. Pistoni itasimama chini ya uso wa bloku karibu pale pale ilipokuwa ikisimama. Na pistoni hizo, kwa ufupi wake, ni nyepesi: gramu 322. Pini zake 108, ringi 36. Nikikifikisha kichwa kidogo cha konrodi gramu 162, jumla ni 628.

Hapo nguvu inashuka hadi kilo 289. Punguzo ni kilo 35, na zaidi ya 28 kati yake zimeletwa na wepesi. Anayesifu konrodi ndefu kwa ulaini wa injini yake mara nyingi anasifu pistoni nyepesi alizolazimika kununua pamoja nayo.

Faida nyingine ya urefu ipo, nayo ni halisi: konrodi ikiegemea kidogo, inaisukuma pistoni kidogo ubavuni mwa silinda. Kutoka nyuzi 17.4 hadi 17. Kwa injini ya kubeba samaki nitaipokea, ila siitangazi.

Ijumaa, 14 Novemba

Sonara wa mjini kaniazima mizani yake hadi Jumatatu. Inapima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Nimeiweka juu ya kipande cha marumaru na kufunga mlango, maana upepo wa kaskazi umeanza na kila ukipuliza namba zinacheza. Feni nayo imezimwa. Joto ni la kukausha kisima. Matone mawili ya jasho langu yameanguka kwenye sahani yake na mizani ikaandika 0.1. Tangu hapo nimefunga kitambaa kichwani.

Konrodi hupimwa mara tatu. Kwanza nzima. Kisha kichwa kikubwa peke yake: kichwa kidogo kinaning'inizwa kwa uzi mrefu, kikubwa kinakaa kwenye mizani, na konrodi yote lazima ilale sawa kabisa, naangalia kwa pimamaji. Kisha unageuza, kichwa kidogo kwenye mizani, kikubwa kwenye uzi. Namba mbili hizo ukizijumlisha lazima zirudi kwenye ile ya kwanza. Zisiporudi, uzi umevuta pembeni au konrodi haikulala sawa, anza upya. Leo nimeanza upya mara saba.

Sababu ya kuzitenganisha ni kwamba vichwa viwili vina kazi mbili. Kidogo kinapanda na kushuka na pistoni. Kikubwa kinazunguka na krenki. Konrodi mbili zinaweza kuwa na gramu 600 kila moja, lakini moja ina uzito kichwani na nyingine ina uzito miguuni, na injini itazitofautisha hata kama mizani ya unga haikuzitofautisha. Hapa pia ndipo urefu unapoingia kwenye balansi: ukibadilisha urefu na umbo la shina, mgawanyo wa uzito kati ya vichwa viwili unahama. Huwezi kuukisia kwa kutazama, wala kuchukua namba za konrodi nyingine.

Konrodi za L16, nzima: 596.3, 601.8, 594.9, 604.1. Ni ndefu kuliko za zamani lakini shina lake ni jembamba.

Jumamosi, 15 Novemba

Kusaga. Unaitafuta iliyo nyepesi kuliko zote kwa kila kichwa, unazishusha nyingine ziifikie. Kwenye kichwa kidogo chuma kinatolewa utosini. Kwenye kikubwa, chini ya kifuniko. Karibu na bolti haiguswi, wala shina. Na mikwaruzo ya jiwe lazima ifuate urefu wa konrodi, kamwe isikate kwa mapana, kwa kuwa mkwaruzo wa mapana ndio mlango wa ufa. Kisha msasa mpaka ing'ae.

Kutoka saa mbili asubuhi hadi magharibi. Mwanagenzi anasaga kidogo, mimi napima; anasaga tena, napima. Ya nne ilikuwa na gramu 6 za ziada kwenye kichwa kikubwa, na gramu 6 za chuma ni nyingi ukizitoa kwa sehemu za gramu. Mara moja alitoa zaidi, ikawa nyepesi kuliko zote kwa gramu 0.7. Uso wake ukaanguka. Nikamwambia hakuna kilichoharibika, sasa hii ndiyo kipimo, tuzishushe nyingine tatu. Tukazishusha.

Mwisho wa siku: vichwa vidogo vyote 162, vikubwa vyote 428, tofauti isiyozidi gramu 0.2. Pistoni na pini zake nimezilinganisha kwa kubadilishana: pistoni nzito kapewa pini nyepesi. Zilizobaki nikachonga kidogo ndani ya sketi.

Jumatatu, 17 Novemba

Mizani imerudi kwa mwenyewe, imefutwa na kufungwa kitambaa chake.

Jumatano, 19 Novemba

Mombasa, na krenki mgongoni mwa matatu.

Fundi wa mashine ya balansi akaniuliza uzito wa konrodi na pistoni zangu ili atengeneze vizito vya kufunga kwenye krenki. Nikamweleza kuwa ni silinda nne kwa mstari. Mikono miwili iko juu na miwili chini, inasawazishana, mradi uzito wa kila silinda uwe sawa na mwenzake. Krenki hii inapimwa tupu. Kumbe alikuwa na krenki ya V8, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, foleni na alichanganya. Kwenye V8 ya nyuzi 90 ndiko vizito vinakotakiwa: uzito wote wa kuzunguka pamoja na nusu ya ule wa kupanda na kushuka. Huko ukibadilisha urefu wa konrodi au pistoni, hesabu ya krenki inabadilika, na usipoirudia umeharibu. Injini ya silinda moja ya bodaboda ni hivyo hivyo kwa namna yake: krenki imepewa uzito wa kumfidia pistoni kwa sehemu tu, na ukitia pistoni nzito sehemu ile haitoshi tena. Swali la kulinganisha krenki na konrodi halina jibu moja, uliza kwanza injini ina silinda ngapi na zimepangwaje.

Krenki yangu ilikuwa na gramu 9 za ziada upande wa puli na gramu 14 upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki. Alizitoa kwa drili kwenye pande za krenki. Kisha puli ikafungwa na kupimwa, kisha flaiwili, kisha kifuniko cha klachi, kila kimoja kwa zamu, na kosa la kila kimoja likatolewa kwenye kitu chenyewe. Isipokuwa kifuniko cha klachi, ambacho bati lake ni jembamba; kosa lake alilitoa kwenye flaiwili, akapiga alama ya kalamu kwenye vyote viwili, vikutane hapo.

Ijumaa, 21 Novemba

Kuunga. Pini za L18 zinabanwa ndani ya konrodi, hazichezi, kwa hiyo kichwa kidogo nimekipasha moto kwenye jiko la stima mpaka rangi ya majani makavu, pini ikaingia kwa sekunde tatu na kugoma hapo hapo. Ukichelewa inakwama nusu njia. Zote nne zimeingia, alhamdulillahi.

Plastigeji, ule uzi laini wa kupimia nafasi kwenye beringi, imeonyesha nafasi ya oili milimita 0.04 kwenye beringi za konrodi zote. Bolti mpya za konrodi, zile za zamani zimevutwa mara nyingi mno.

Kabla ya hedi nikazungusha robo mzunguko, nikamwachia mwanagenzi venia. Akapima silinda zote. "Kama 44.9, fundi," akasema, akakunja uso kuitafuta ile milimita 0.12. Venia yetu haiwezi kuitenganisha vizuri. Hicho ndicho nilichotaka akione.

Jumatatu, 24 Novemba

Imewaka mara ya pili ya kuigeuza. Sauti nzuri. Lakini kuanzia mizunguko 2,500 kuna mtikisiko, si ule mvumo wa mara 100, ni mwingine, mzito zaidi, unaushika kwenye lever ya gia. Mtikisiko wa mara moja kwa mzunguko. Baada ya mizani yote ile!

Nimeketi nao hadi usiku. Kitu kinachozunguka na krenki, si kinachopanda na kushuka. Krenki, puli na flaiwili vimepimwa mbele yangu.

Jumanne, 25 Novemba

Ni klachi. Nilipoosha flaiwili kwa petroli kabla ya kuifunga, alama ya kalamu ilioshwa nayo, na kifuniko nikakifunga mahali popote pini zilipokubali. Kinakubali mahali patatu. Giaboksi chini, nikakihamisha nafasi moja, nikawasha: vibaya zaidi. Giaboksi chini tena. Nafasi ya mwisho: mtikisiko umekwisha.

Nimepiga alama kwa nyundo na senta-panchi, nukta mbili kwenye flaiwili na mbili kwenye kifuniko. Petroli haiwezi kuosha hiyo. Alama ya kalamu uliyoletewa kutoka kwa fundi wa mashine igeuze kuwa ya panchi siku hiyo hiyo, kabla hujagusa kitu kingine.

Ijumaa, 28 Novemba

Baada ya sala ya Ijumaa nimempitia ami, tukatoka kwenda Gongoni. Mvua imekatika, daraja la Sabaki maji yake rangi ya chai ya maziwa hadi baharini. Injini ni mpya kwa hiyo sikuibana, ila baada ya Mambrui barabara ilikuwa tupu na nikaifikisha 80.

Kioo cha nyuma kilikuwa kinaonyesha matatu iliyotufuata, nikasoma namba zake. Kidroo kimebaki kimefungwa. Mvumo upo, chini ya miguu, mwembamba. Hautaondoka, ni silinda nne na hazina mihimili ya Lanchester. Ami aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, akakiacha pale muda mrefu bila kusema kitu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Konrodi ndefu," akasema mwishowe.

"Ami, konrodi sawa."

Akacheka, akaendelea kuuweka mkono pale pale.

Tumerudi na kolekole wawili na nazi. Imebaki kumwaga oili baada ya kilomita 500, kukaza tena bolti za hedi, na kuchomelea lile bomba la moshi mara ya nne. Konrodi nzito ya mhuri mwingine nimeitundika ukutani kando ya ile hesabu ya chaki.